Oxford Road, Manchester: Milango Iliyofunguliwa Usiku

Barabara iitwayo Oxford Road haiko katika mji wa Oxford. Iko Manchester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Inatoka katikati ya jiji, inapita chini ya daraja la reli na juu ya mto mdogo uitwao Medlock, kisha inaelekea kusini kati ya vyuo vikuu viwili. Jumba la makumbusho linabaki mkono wa kulia, hospitali kuu mkono wa kushoto, halafu kuna bustani yenye nyumba ya sanaa. Mbele kidogo barabara inabadili jina na kuitwa Wilmslow Road, inapita kwenye mikahawa ya Rusholme, hadi Fallowfield kwenye mabweni. Chuo Kikuu cha Manchester peke yake kina wanafunzi zaidi ya 40,000. Ukiwajumlisha na wa jirani yake, Manchester Metropolitan, wanavuka 70,000. Wengi wao huipita njia hii asubuhi wakienda darasani na usiku wakirudi kutoka kwenye muziki.

Wageni wanaokuja kuitembelea Manchester huonyeshwa klabu mashuhuri, bendi mashuhuri na viwanja vya mpira. Mimi nadhani historia ya usiku wa jiji hili inaeleweka vizuri zaidi mtu akiuliza swali moja katika kila zama: nani alifungua mlango, na kwa nini alilazimika kufungua wa kwake? Kwa karne na nusu, milango inayokumbukwa kwenye njia hii imefunguliwa zaidi na watu waliokuwa wamefungiwa mingine.

Chuo chenyewe kilizaliwa hivyo. John Owens, mfanyabiashara wa pamba, alipofariki mwaka 1846 aliacha fedha za kuanzishia chuo, kwa sharti kwamba mwanafunzi wala mwalimu asiulizwe dini yake. Wakati huo Oxford na Cambridge vilikuwa bado vinawabana watu wasio wa Kanisa la Anglikana, na Manchester ilikuwa imejaa Wakristo wa madhehebu mengine, Wayahudi, na wafanyabiashara kutoka Ujerumani. Owens College kilifunguliwa mwaka 1851 katika nyumba ya mjini, Quay Street, iliyowahi kuwa makazi ya mwanasiasa Richard Cobden. Mwaka 1873 kilihamia Oxford Road, kwenye majengo ya mawe yaliyosanifiwa na Alfred Waterhouse. Miaka 10 baadaye kikaanza kuwapokea wanawake. Mmoja wa waliosoma sheria hapo alikuwa Christabel Pankhurst. Mwezi Oktoba 1905 alikamatwa kwa kuuvuruga mkutano wa siasa katika ukumbi wa Free Trade Hall akidai kura kwa wanawake, na mwaka uliofuata akapata shahada yake.

Mtaa ambao chuo kilihamia haukuwa wa starehe. Chini kidogo, kwenye kingo za Medlock, palikuwa na Little Ireland, kitongoji cha wahamiaji kutoka Ireland kilichobanwa kati ya mto na viwanda. Friedrich Engels, kijana wa Kijerumani aliyetumwa na baba yake kufanya kazi katika kampuni ya familia ya nyuzi za pamba, alikiandika katika kitabu chake cha mwaka 1845 kama mahali pabaya kuliko pote alipopaona mjini. Mchana alikuwa karani wa biashara. Akitoka kazini alizunguka mitaa ya wafanyakazi. Majira ya joto ya mwaka huo huo yeye na Karl Marx walikaa wakisoma kwenye meza moja iliyo dirishani katika maktaba ya Chetham's, iliyoanzishwa mwaka 1653 kwa ajili ya umma. Meza hiyo bado ipo na mgeni anaruhusiwa kuiona.

Fedha ya pamba ilinunua pia sanaa, na ilifanya hivyo kwa fujo. Mwaka 1857 matajiri wa jiji waliandaa maonyesho ya sanaa yenye kazi zipatazo 16,000, zilizoazimwa kutoka nyumba za watu binafsi, na watu zaidi ya milioni 1.3 walikwenda kuyatazama. Muziki wa kila siku kwenye maonyesho hayo uliongozwa na Charles Hallé, Mjerumani aliyekuwa akiishi Paris hadi mapinduzi ya mwaka 1848 yalipomkimbiza. Maonyesho yalipokwisha hakutaka kuwatawanya wanamuziki wake. Januari 1858 alianza nao matamasha ya kudumu, na alishikilia kwamba pawe na viti vya bei ndogo kwa watu wa kawaida. Okestra ya Hallé ingali hai, na tangu 1996 makao yake ni Bridgewater Hall.

Makumbusho ya chuo na nyumba ya sanaa ya Whitworth, iliyopewa jina la fundi mitambo tajiri Joseph Whitworth, zilianza katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Maktaba ya John Rylands ilifunguliwa kwa umma siku ya kwanza ya mwaka 1900. Mjane Enriqueta Rylands aliijenga kumkumbuka mumewe, mfalme wa nguo. Zote tatu leo ni mali ya chuo kikuu na mtu huingia bila kiingilio. Lakini zilikuwa za mchana. Usiku wa wakati huo ulikuwa wa baa na kumbi za nyimbo na vichekesho, na wakuu wa makanisa waliupiga vita. Ukumbi wa Palace ulipofunguliwa Oxford Street mwaka 1891, wapinzani wa pombe walipambana kuunyima leseni ya vileo. Vuta nikuvute hiyo ya leseni itajirudia tena na tena katika historia hii.

Mtu ninayependa kumweleza kuliko wote alifika miaka mingi baadaye. Alizaliwa Guiana ya Waingereza, Amerika ya Kusini, akaitwa George Thomas Griffith. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 alilitupa jina hilo na kujiita Ras Tafari Makonnen. Vitabu vingi humtaja kama T. Ras Makonnen. Alikuwa amesoma Marekani na Denmark. Huko Denmark alifukuzwa nchini baada ya kusema hadharani kwamba bidhaa za nchi hiyo zilikuwa zikisaidia kutengeneza silaha za gesi za Waitalia. Akaja Uingereza, na hatimaye Manchester, ambako alijiandikisha chuo kikuu kusoma historia.

Siku hizo mtu Mweusi nchini Uingereza aliweza kuwa na fedha mfukoni na kitabu mkononi, na bado akaambiwa mlangoni kwamba nafasi imejaa. Hakukuwa na sheria ya kumzuia mwenye hoteli, mgahawa au ukumbi wa dansi kumkataa mteja kwa rangi yake. Sheria ya kwanza ilikuja mwaka 1965. Makonnen akafungua milango yake mwenyewe. Alianza na mgahawa wa chai wenye jina la Ethiopia, kisha akaongeza mingine, ukiwemo Cosmopolitan, kwenye Oxford Road na mitaa ya jirani. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaleta askari wengi wa Marekani karibu na Manchester, na jeshi lao lilikuwa likiwatenga Weusi na Weupe. Kwa Makonnen askari Mweusi alikaa mezani kama mteja mwingine yeyote, karibu na mwanafunzi kutoka Afrika Magharibi, baharia aliyeshuka meli bandarini Salford, na wasichana wa Kiingereza waliopenda dansi.

Jambo linalonivutia kwa mtu huyu ni jinsi alivyoitumia faida. Aliitia katika siasa. Alisaidia watu waliopelekwa mahakamani, alifungua duka la vitabu jirani na chuo kikuu, na mwaka 1947 akaanzisha jarida, *Pan-Africa*. Miaka miwili kabla ya jarida hilo alikuwa amefanya jambo kubwa zaidi. Wakati wanaharakati George Padmore na Kwame Nkrumah wakitafuta mahali pa kufanyia Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, Manchester ilikuwa na kitu ambacho London haikuwa nacho: mwenzao mwenye migahawa, aliyeweza kuwalisha wajumbe na kubeba sehemu kubwa ya gharama.

Kongamano lilikaa tarehe 15 hadi 21 Oktoba 1945 katika ukumbi wa manispaa ya zamani ya Chorlton-on-Medlock, kando ya uwanja wa All Saints kwenye Oxford Road. Ni jengo la mwaka 1831, lenye nguzo nene mbele kwa mtindo wa Kigiriki. Wajumbe walikuwa karibu 90. W. E. B. Du Bois alikuja kutoka Marekani akiwa na miaka 77. Amy Ashwood Garvey aliongoza kikao na kuwakumbusha wanaume mle ndani kwamba wanawake Weusi walikuwa wamesahauliwa. Jomo Kenyatta, aliyeipitisha vita akifanya kazi ya shamba kusini mwa Uingereza, alizungumzia Afrika Mashariki: ardhi iliyochukuliwa, kipande (pasi ambayo Mwafrika alilazimishwa kuibeba), na kodi. Makongamano yaliyotangulia yalikuwa yakiomba mageuzi kwa sauti ya upole. Hili lilidai uhuru, na likawaita wafanyakazi na wakulima wa makoloni wajipange kuupata.

Jioni wajumbe walikwenda kula kwa Makonnen. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vya historia huhifadhi maazimio na kusahau sahani. Watu hawa walitoka nchi nyingi na wengi hawakuwa wakifahamiana. Walihitaji mahali pa kuendeleza mabishano baada ya kikao kufungwa, pasipo na mtu wa kuwatazama kwa jicho baya. Oxford Road ilikuwa na mahali hapo kwa kuwa mwanafunzi mmoja wa historia alikuwa amepatafuta na kupalipia kodi.

Kenyatta alirudi nyumbani mwaka 1946. Makonnen aliuacha mji baada ya Ghana kupata uhuru mwaka 1957, akaenda kumtumikia Nkrumah. Baada ya mapinduzi ya Ghana ya 1966 alitiwa ndani. Aliyemwombea aachiwe ni rafiki yake wa Manchester, ambaye sasa alikuwa Rais wa Kenya. Makonnen akahamia Nairobi, akapewa uraia, na kumbukumbu zake zikachapwa huko mwaka 1973. Alifia Kenya mwaka 1983. Mbele ya nguzo za All Saints, ambazo sasa ni sehemu ya Manchester Metropolitan, kuna kibao kinacholitaja kongamano.

Baada ya vita walikuja wahamiaji wa Karibi, na wengi walipata vyumba Moss Side na Hulme, mitaa iliyo magharibi ya chuo. Mwaka 1948 chuo kikuu kilimwajiri W. Arthur Lewis kutoka kisiwa cha St Lucia kuwa profesa wa uchumi. Huyu ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Akiwa Manchester alisaidia kuanzisha kituo cha masomo ya jioni kwa ajili ya wakazi Weusi wa mitaa hiyo, akijua kwamba mtu aliyefanya kazi kiwandani mchana kutwa hana wakati mwingine wa kusoma. Kwenye Princess Road, Moss Side, palikuwa na jengo lenye klabu mbili, moja juu ya nyingine: Nile ghorofani, na Reno chini ya ardhi. Reno ilikuwa nyumbani hasa kwa vijana waliozaliwa na baba wa Kiafrika au wa Karibi na mama Mzungu, ambao klabu za katikati ya jiji ziliwarudisha mlangoni. Muziki ulianza baa zilipofunga na kuendelea hadi alfajiri.

Katikati ya jiji kulikuwa na mlango mwingine. Twisted Wheel ilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka 1965 ikahamia Whitworth Street, si mbali na Oxford Road. Ilikuwa kwenye vyumba vya chini vilivyopakwa rangi nyeusi na nyekundu, vyenye magurudumu ya chuma ukutani. Pombe haikuuzwa. Vijana walikunywa soda na kahawa, wengine wakameza vidonge vya kuwazuia wasilale, wakacheza usiku mzima. DJ Roger Eagle aliagiza santuri za wanamuziki Weusi wa Detroit, Chicago na Memphis ambazo redio ya taifa haikuwa ikizipiga. Mikesha hiyo ndiyo iliyozaa mtindo ulioitwa baadaye Northern Soul: watoto wa wafanyakazi wa viwandani wakizama katika nyimbo za Wamarekani Weusi, na wakisafiri usiku kutoka miji mingine kuja kuzisikia.

Polisi walichukia. Kwa kuwa klabu hizi za kahawa hazikuuza vileo, hazikuhitaji leseni, na kwa hiyo hazikuwa na pa kushikwa. Jiji likaenda bungeni kuomba sheria yake lenyewe, Manchester Corporation Act ya 1965, iliyoanza kutumika mwanzo wa 1966. Klabu nyingi zikafa. Twisted Wheel ilivumilia hadi 1971. Baadaye jengo likabomolewa, na hoteli ikasimama mahali pake.

Kufikia hapo wanafunzi walikuwa wameongezeka sana, na walikuwa na kitu ambacho wa leo hawana. Tangu sheria ya elimu ya 1962 serikali ililipa ada zao na kuwapa posho kulingana na kipato cha wazazi, fedha ile ile ambayo wanafunzi wa Dar es Salaam huiita bumu, ila hii haikurejeshwa. Kodi ya nyumba katika majengo yaliyochoka ya Hulme ilikuwa ndogo. Mtu aliweza kukaa mjini mwaka mzima akijifunza gitaa. Kwa maoni yangu, hakuna mfadhili wa muziki wa Manchester aliyezidi posho ile.

Juni 4, 1976, vijana wawili waliokuwa wamekutana chuoni Bolton, Howard Devoto na Pete Shelley, walikodi ukumbi mdogo wa Free Trade Hall wakaileta bendi ya Sex Pistols kutoka London. Waliohudhuria walikuwa makumi machache tu. Miongoni mwao walikuwa Bernard Sumner na Peter Hook, ambao baada ya onyesho waliamua kuanzisha bendi. Nayo ikawa Joy Division, na baada ya kifo cha mwimbaji wake Ian Curtis mwaka 1980, New Order. Mapato ya New Order na ya kampuni ya santuri ya Factory yalijenga Haçienda, klabu iliyofunguliwa Mei 1982 katika jengo lililokuwa duka la mashua, Whitworth Street West.

Habari za Haçienda zimesimuliwa sana, kwa hiyo nitazipita haraka. Nguzo zilikuwa na milia ya njano na nyeusi kama za kiwandani, ukumbi ulikuwa na baridi, na miaka ya mwanzo ulikuwa mtupu mara nyingi. Wanafunzi ndio waliousaidia kusimama. Kuanzia 1986 Alhamisi ilikuwa siku yao, chini ya DJ Dave Haslam, ambaye mwenyewe alikuja Manchester mwaka 1980 kusoma chuo kikuu na hakuondoka. Ijumaa ilitawaliwa na muziki wa house kutoka Chicago, nao tena ulikuwa wa Weusi wa Marekani. Ulipofika mwaka 1989, Tom Rowlands na Ed Simons, waliokuja kusoma historia, walikutana darasani na baadaye wakawa Chemical Brothers. Lakini pia walikuja wauza dawa wenye bunduki, msichana mdogo alifariki baada ya kumeza kidonge, na fedha hazikutosha. Mwaka 1997 klabu ilifungwa. Pale palipokuwa na ukumbi pana nyumba za ghorofa zinazobeba jina lile lile.

Usiku wa mwanafunzi wa kawaida, hata hivyo, ulikuwa na bado ni wa basi. Soko la usafiri lilipoachiwa huru mwaka 1986, kampuni ziligombania abiria wa Oxford Road na Wilmslow Road, hata mabasi yakafuatana mkia kwa pua. Magic Bus, yenye magari makuukuu na nauli nafuu, ilijulikana kwa kila aliyesoma hapa. Ukishuka Rusholme saa saba za usiku unakuta taa za rangi na harufu ya nyama ya kuchoma. Mikahawa ya kwanza ilifunguliwa na wahamiaji wa Pakistan, India na Bangladesh, ambao wengi wao walikuja kufanya kazi viwandani. Leo imechanganyika na ya Wakurdi, Waarabu na Waafghani. Wanafunzi huiita Curry Mile, na mwanafunzi Mwislamu asiyekunywa pombe naye ana mahali pa kukesha na wenzake.

Posho ilianza kupunguzwa mwaka 1990 kwa kuletwa mikopo. Ada ya paundi 1,000 kwa mwaka ilianza 1998, ikafika 3,000 mwaka 2006, na 9,000 mwaka 2012. Mwanafunzi wa sasa hufanya kazi baa anakotaka kunywa. Majengo ya zamani yamepewa kazi mpya: pale Grosvenor Street, jengo la taasisi ya viziwi la karne ya 19 liligeuzwa mwaka 2008 kuwa baa na ukumbi wa muziki, na jina la taasisi ya awali bado limechongwa mbele. Muziki mkubwa wa kucheza umehamia kwenye maghala: Warehouse Project ilianza 2006 katika kiwanda cha bia kilichofungwa, na tangu 2019 hufanyika Mayfield, kwenye stesheni ya zamani ya reli.

Kisha ikaja Korona. Mwezi Septemba 2020 wanafunzi waliambiwa waje mabwenini, na walipofika wakafungiwa. Tarehe 5 Novemba waliamka Fallowfield wakakuta uzio wa chuma umezungushiwa bweni bila wao kuelezwa. Jioni ile ile mamia walikusanyika na kuung'oa. Uongozi wa chuo uliomba radhi, na baada ya mgomo wa kodi walipunguziwa asilimia 30 ya kodi ya muhula wa kwanza.

Reno, ile klabu ya Moss Side, ilibomolewa miaka ya 1980, na kwa miaka 30 kiwanja chake kikabaki na majani. Mwaka 2017 mwandishi wa tamthilia Linda Brogan, aliyecheza dansi pale ujanani, aliwakusanya wenzake wa zamani, na pamoja na wanaakiolojia wa Salford wakakifukua. Watu wenye miaka 60 walishuka ngazi zile zile na kusimama kwenye sakafu waliyoichezea. Mwaka 2019 simulizi zao na vitu vilivyopatikana viliwekwa katika nyumba ya sanaa ya Whitworth, kando ya Oxford Road, wenyewe wakiamua kipi kionyeshwe na maneno gani yaandikwe ukutani.